Linda Chini, Chafua Juu: Pedali ya Valvu kwa Mpiga Besi

Pedali nyingi za kukwaruza sauti zilibuniwa kwa ajili ya gitaa la solo, na mpiga besi anayeichomeka mojawapo hukutana na jambo lile lile. Akiwa peke yake chumbani, sauti ni kali na inavutia. Bendi ikianza kupiga, besi inatoweka. Mpiga dramu anageuka kumtazama, fundi mitambo anapandisha sauti, sakafu inatetemeka, na bado noti hazisikiki. Wengi hukata tamaa hapo na kusema valvu si ya besi. Mimi nasema valvu ni ya besi kweli kweli, ila haifai kupewa besi yote. Ipe sehemu ya juu ya sauti yako iichafue upendavyo, na sehemu ya chini uiache ipite safi. Karibu kila ninachoshauri hapa kinatokana na hilo.

Sababu iko kwenye namba. Uzi wa E wa besi ya nyuzi nne, ukipigwa wazi, hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde, yaani Hz 41. Uzi wa B wa besi ya nyuzi tano hushuka hadi Hz 31. Hata ukipanda uzi wa G mpaka freti ya 24, bado uko Hz 392. Sasa chukua pedali inayojulikana kuliko zote, Tube Screamer ya Ibanez, iliyoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1970. Sakiti yake hutilia nguvu kamili sauti zilizo juu ya Hz 720 hivi. Chini ya hapo nguvu hiyo hupungua kadiri unavyoshuka, hadi noti za chini kabisa hupita karibu kama zilivyoingia. Mpiga solo hunufaika, kwa kuwa uzi wake mnene haugeuki tope. Kwako wewe, mizizi ya noti zako zote, ya kwanza hadi ya mwisho, iko kwenye eneo ambalo pedali hiyo haikutengenezewa. Tena, licha ya jina lake, haina valvu hata moja. Kazi yote hufanywa na chipu na diodi mbili.

Basi ukiwa dukani, kabla ya kuuliza chapa, uliza kama ndani kuna valvu na inafanya kazi gani. Inayotumika zaidi ni 12AX7, ambayo Ulaya huitwa ECC83, na imekuwepo tangu miaka ya 1940. Ilibuniwa ifanye kazi ikiwa na volti mia moja hadi mia tatu kwenye pleti yake. Baadhi ya pedali zina sakiti ya kupandisha umeme mpaka kiwango hicho. Nyingine huipa valvu volti kumi na kitu tu, na sehemu kubwa ya kukwaruza hufanywa na chipu zilizoizunguka. Aina hii ya pili nayo ina heshima yake: Tube Driver ya B. K. Butler, ambayo David Gilmour wa Pink Floyd ameitumia miaka mingi, ni ya volti ndogo. Lakini valvu yenye volti ndogo hufika kikomo chake mapema, na besi hutoa mawimbi makubwa yanayohitaji nafasi. Kama fedha inaruhusu, tafuta ya volti kubwa. Na usidanganywe na mwanga. Hita ya 12AX7 huwaka wekundu hafifu ambao mchana hauuoni vizuri. Ukiona kioo kinang'aa rangi ya chungwa kama tangazo, huenda kuna taa ya LED iliyowekwa nyuma yake.

Siku hizi kuna pia Nutube, iliyotolewa na Korg pamoja na Noritake ya Japani mwaka 2015. Ni bapa, inatumia umeme kidogo sana, na imetokana na teknolojia ya vioo vya kuonyeshea namba. Ni valvu halali, na kwa anayebeba pedali kwenye daladala kila wiki ina faida zake, ingawa kwa besi mimi bado naegemea kwenye 12AX7.

Ndani ya valvu hita hupasha kathodi moto, elektroni hutoka na kukimbilia pleti, na gridi iliyo katikati huzizuia au kuziachia kwa kufuata mawimbi yanayotoka kwenye pikapu za gitaa lako. Ukiisukuma kupita uwezo wake, haikati kilele cha wimbi ghafla. Hukibonyeza taratibu, tena upande mmoja wa wimbi hubonyezwa zaidi ya mwingine. Ubonyezaji huo usio sawa ndio unaotia nguvu oktava ya juu: E ya Hz 41 inapata mwenzake wa Hz 82, kisha 123, kisha 164. Spika ya simu haiwezi kutoa Hz 41, wala spika nyingi za redio ndogo haziwezi. Lakini sikio likisikia mfululizo huo, hata sehemu zake za juu peke yake, hulijaza lenyewe lile pengo la chini na kuisikia E. Kwa sababu hiyo besi iliyochafuliwa kidogo hufuatika hata kwenye simu, wakati besi safi ya chini hupotea yote. Kwa bendi ambayo nyimbo zake husikilizwa kwenye simu kuliko kwenye spika kubwa, hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kuwa na pedali hii.

Wapiga besi wa zamani hawakuhitaji pedali, kwa kuwa amplifaya yenyewe ilikuwa ya valvu. Ampeg SVT ya mwaka 1969 ilitoa wati 300 kwa valvu 14, na kichwa chake peke yake kina uzito unaokaribia kilo 40. Hakuna anayetaka kukipandisha ngazi za ukumbi leo. Pedali inakupa kipande cha sauti ile kwenye kitu kinachoingia begi la mgongoni, ila ni kipande tu: haikupi nguvu ya wati 300 wala spika nane za inchi kumi zilizokuwa chini yake. Ukinunua kwa matumaini hayo utasikitika.

Hata historia ya pedali za kukwaruza sauti ilianzia karibu na besi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Nashville, Marekani, Grady Martin alikuwa akirekodi gitaa la besi la nyuzi sita katika wimbo wa Marty Robbins, na chaneli moja ya miksa ya studio ikaharibika. Sauti ilitoka imechanika, wakaiacha hivyo hivyo kwenye wimbo. Fundi wa studio, Glenn Snoddy, baadaye alitengeneza kifaa cha transista cha kuiga uharibifu ule, na mwaka 1962 Gibson wakakiuza kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Mwaka 1965 Paul McCartney wa Beatles alipiga besi ya kukwaruza kwenye "Think for Yourself". Katika wimbo huo kuna besi mbili: safi inashika msingi, chafu inaimba juu yake. Hivyo ndivyo ninavyokushauri uipange sauti yako, mpaka leo.

Kuna kasoro moja ambayo wapiga solo huiona kwa nadra na wapiga besi huiona kila siku. Unapiga E kwa nguvu, na badala ya noti kutoka inakabwa: sauti inazama kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha inarudi ikichelewa mdundo. Pedali si mbovu. Wimbi kubwa likiisukuma gridi mpaka ikawa chanya, gridi huanza kunyonya mkondo wa umeme. Kapasita iliyo mbele yake hujaa chaji, gridi inavutwa upande wa hasi kupita kiasi, na valvu inazimika kwa muda mpaka chaji ile ivuje. Kapasita ikiwa kubwa, huvuja polepole zaidi. Na ili noti za chini zipite vizuri, pedali za besi mara nyingi huwekewa kapasita kubwa, kwa hiyo kile kilichowekwa kukusaidia ndicho kinachokukaba.

Dawa yake ni kupunguza chini kabla ya valvu. Nobu ya besi kwenye pedali nyingi iko baada ya valvu, kwa hiyo kuizungusha hakusaidii, umechelewa. Weka pedali ndogo ya EQ kabla, ukate kilicho chini ya Hz 100, au kama besi yako ina betri ndani, punguza nobu yake ya besi kwenye gitaa lenyewe na ushushe sauti kidogo, kwa sababu besi za namna hiyo hutoa umeme mwingi kuliko pedali inavyotarajia. Utaona valvu imeanza kupumua. Ndiyo, sauti itakuwa nyembamba, na hapo ndipo njia safi inapoingia kazini.

Njia safi rahisi ni nobu ya kuchanganya, inayotia sauti ya gitaa lako isiyoguswa pamoja na ile iliyopita kwenye valvu. Pedali nyingi nzuri za besi zinayo, hata zisizo na valvu, kama SansAmp Bass Driver ya Tech 21 au zile za Darkglass kutoka Finland. Le Bass ya Two Notes, ya Ufaransa, ina valvu na chaneli mbili, moja safi na moja ya kukwaruza, na unaweza kuzipiga zote kwa pamoja. Ukinunua pedali isiyo na njia ya kuchanganya, hakikisha unajua jinsi ya kuitengeneza mwenyewe nje yake.

Kuitengeneza si kazi ngumu. Chukua DI boksi yenye tundu la kupitisha. Besi inaingia humo. Waya wa XLR unakwenda chaneli ya kwanza ya miksa ukiwa safi, na tundu la kupitisha linakwenda kwenye pedali, kisha DI ya pili, kisha chaneli ya pili. Chaneli ya pili bonyeza kitufe cha kukata sauti za chini, ambacho kwenye miksa nyingi hukata kuanzia Hz 80 au 100. Sasa unaweza kuichafua chaneli ya pili hadi ipige kelele, na msingi hautikisiki.

Hapa wengi hukwama, kwa hiyo nitafafanua. Hatua moja ya valvu hugeuza wimbi kichwa chini miguu juu. Hatua mbili hulirudisha. Kama pedali yako inaligeuza, chaneli mbili zikikutana kwenye miksa, moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na sauti ya chini inajifuta. Unaongeza sauti na besi inazidi kukonda, unabaki kushangaa. Kupima ni rahisi: zima kwanza kile kitufe cha kukata chini, weka chaneli zote mbili sauti sawa, piga uzi wa A wazi, ulioko Hz 55, mfululizo na kwa nguvu ile ile. Mwombe fundi mitambo abonyeze kitufe cha kugeuza wimbi, chenye alama ya duara lililokatwa kwa mstari, kwenye chaneli ya pili. Upande utakaosikika mnene ndio sahihi. Rudisha kukata chini, usikilize tena, kwa sababu kichujio nacho husogeza wimbi kidogo, na huenda jibu likabadilika. Miksa isiyo na kitufe hicho, mpe fundi atengeneze waya wa XLR wenye pini ya 2 na ya 3 zilizobadilishana nafasi, na uufunge utepe mwekundu usije ukachanganyika na wengine.

Kuhusu kuseti geini, anza na nobu ya kuchanganya ikiwa upande wa valvu kabisa. Piga kama unavyopiga jukwaani, si kama unavyopiga ukiwa umekaa kitandani. Pandisha geini mpaka kidole kizito kikwaruze na kidole chepesi kipite safi. Pale katikati ndipo valvu inapozishinda diodi, kwa sababu inafuata mkono wako: ukibembeleza ubeti, sauti ni safi, ukiingia kwenye chemko, yenyewe inachanika bila wewe kugusa kitu kwa mguu. Kisha rudisha njia safi, na ulinganishe sauti ya pedali ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa, ziwe sawa kwa ukubwa. Sikio hupenda kilicho kikubwa, na pedali nyingi zimesifiwa kwa sababu tu zilikuwa zimepandishwa.

Usimalize kuseti bila dramu na bila kinanda. Kwenye bendi ya rumba ambamo besi huacha nafasi kati ya noti, valvu hurefusha mikia ya noti, na nafasi zile zinajaa. Itabidi uzime nyuzi kwa kiganja kwa uangalifu zaidi kuliko ulivyozoea. Kwaya za kanisani zina shida tofauti: mkono wa kushoto wa mpiga kinanda unapiga pale pale ulipo wewe. Kabla ya kuongeza mkwaruzo, mwombe apande oktava moja. Akikataa, kidogo cha valvu kitakusaidia kutofautishwa naye.

Mahali pa pedali kwenye mnyororo pana utaratibu wake, ingawa hakuna sheria. Tyuna kwanza. Pedali ya oktava inataka noti safi ili isikosee, kwa hiyo iwe kabla ya valvu. Kompresa naipendelea kabla pia, kwa mkono mwepesi, ili ipunguze vilele vinavyokaba gridi. Korasi na vinavyofanana nayo viwe baada. Na kama unaingia moja kwa moja kwenye miksa bila spika ya besi, kata sauti zilizo juu ya Hz 5,000 hivi, maana spika kubwa ya besi ingezikata yenyewe, lakini spika za ukumbi zina twita na zitatoa mchakarisho wote.

Umeme ndio unaoua pedali hizi kwetu kuliko kitu kingine. Pedali ya transista hula miliampia chache. Hita ya 12AX7 moja peke yake hutaka miliampia 150 kwa volti 12.6, au 300 kwa volti 6.3. Ule waya mmoja unaolisha pedali sita hautamudu. Soma pia maandishi madogo: kuna pedali za valvu zinazotaka adapta ya AC, na tundu lake linafanana kabisa na la DC. Adapta isiyo sahihi inaweza kuchoma sakiti papo hapo. Andika jina la pedali kwenye adapta yake kwa kalamu isiyofutika. Pedali za mitumba kutoka Marekani, kama baadhi za Tube Driver, zina waya wa ukutani wa volti 120. Tanzania ni 230, Kenya 240, kwa hiyo bila transfoma ya kushusha umeme usiichomeke hata kwa kujaribu. Na kwenye shughuli ya jenereta, tumia stabilaiza, na usiwashe pedali mpaka jenereta litulie.

Kuna jambo ambalo nalisema kwa uzito wote. Ukisikia muungurumo wa umeme, usikate pini ya athi ya plagi wala kuiziba kwa utepe, hata kama fundi wa ukumbi anasema ndivyo wanavyofanya siku zote. Mikono yako iko kwenye nyuzi za chuma na midomo yako iko kwenye maikrofoni. Hitilafu ikitokea, athi ndiyo inayokulinda. Tafuta DI yenye kitufe cha kutenganisha athi ya sauti; kinaondoa muungurumo na kuiacha athi ya umeme mahali pake. Vilevile usifungue pedali ya volti kubwa muda mfupi baada ya kuichomoa, kwa kuwa kapasita zake huhifadhi umeme.

Valvu huchakaa, lakini si haraka kama watu wanavyoogopa. Kwenye pedali hudumu miaka. Dalili ya kuchoka kwake ni kelele. Igonge taratibu kwa penseli ikiwa imewaka: ikitoa mlio kwenye spika kama kipaza sauti, inashika mitikisiko, na mpiga besi ndiye mwenye mitikisiko mingi. Kabla ya kuibadilisha, jaribu kuisogeza pedali mbali na spika au kuiweka juu ya kipande cha sponji. Ukibadilisha, unaweza kuchagua tabia mpya. 12AT7, 12AY7 na 12AU7 huingia kwenye soketi ile ile na nyaya zile zile za hita. 12AX7 hukuza mara 100, 12AT7 mara 60, 12AY7 mara 40 na kitu, 12AU7 mara 20 hivi. Kwa besi, 12AT7 au 12AY7 mara nyingi hufaa zaidi: nobu ya geini inakuwa na nafasi pana, na kule kukabwa kunapungua. Zinazotengenezwa sasa nyingi hutoka Slovakia, kwa JJ, au Urusi na China. Bei za Kirusi ziliyumba mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipoanza, kwa hiyo ukipata nzuri kwa bei nafuu, nunua mbili.

Mpiga besi ambaye nyuzi zake zina mwaka na nusu, au ambaye amplifaya yake inaunguruma, asinunue pedali ya valvu kwanza. Nyuzi mpya na waya mzuri vitambadilishia sauti zaidi kwa fedha ndogo. Anayepiga kila wiki na bendi yenye magitaa mawili na tumba, na ambaye noti zake hazitoki, huyo ndiye ninayemshauri atafute.

Ukishaipata na kuiseti, rekodi mazoezi kwa simu ukiwa umeiweka mwisho wa chumba, si karibu na amplifaya yako. Sikiliza kwenye spika ya simu yenyewe. Kama unaweza kuimba mstari wa besi kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho, hamia kwenye spika kubwa usikilize chini: ngoma ya mguu na E yako zipige pamoja bila kusukumana. Ikiwa simu inasema ndiyo na spika kubwa inasema besi imekonda, rudi kwenye kitufe cha kugeuza wimbi. Ikiwa spika kubwa inaridhika na simu haisikii kitu, ongeza njia ya valvu robo ya mzunguko, na urudie.